Kuiaga Meza ya Kazi za Mikono: Mwongozo Kamili wa Kushona Kitabu cha Kumbukumbu za Familia

Majirani hapa Migosi, Kisumu, wamezoea kuniletea vitabu vya kumbukumbu vilivyokatika mgongo. Mama mmoja wa Kondele alikuja na chake ndani ya mfuko wa karatasi, kurasa zimeachana zote. Alikihangaikia wiki mbili, kikamfia mikononi siku ya kwanza watoto walipokifungua.

Makosa ni yale yale kila mara. Mtu anapaka gundi mgongoni badala ya kushona. Anakunja karatasi kinyume cha nyuzi zake. Anabandika picha nyingi mpaka kitabu kinafura mdomo. Na kosa linaloniuma zaidi ya yote: anaandika tarehe na majina, asiandike vile vitu vilivyotengenezwa.

Mwongozo huu ni wa nyumba ambayo meza ya kazi za mikono inafungwa. Kifungua mimba yuko chuoni, kitinda mimba anaingia bweni, na Jumamosi za mkasi na gundi zimefika mwisho. Yaliyofanyika pale mezani yanastahili kuagwa vizuri. Utashona kitabu kimoja cha kurasa 96, chenye picha 24, kitakachofunguka mara elfu bila kuachia ukurasa.

## Vitu vya kuweka tayari

Usianze kabla hujavipata vyote. Anayeanza na nusu ya vifaa humaliza na nusu ya kitabu.

- Karatasi 15 za saizi ya A3, nyeupe, gramu 120. Utatumia 12, tatu ni za kuharibu.
- Manila mbili kubwa za rangi yoyote mnayoipenda.
- Kadibodi ngumu, unene wa milimita mbili hivi. Mgongo wa kalenda ya ukutani au jalada la kaunta buku hufaa. Boksi la katoni lenye mawimbi ndani halifai, linabonyea.
- Uzi mnene wa poliesta, ule ambao mafundi hushonea makochi na jinzi, mita mbili.
- Kipande cha nta ya nyuki. Wauza asali wanayo. Ukikosa, tumia mshumaa.
- Sindano mbili kubwa zenye ncha butu kidogo.
- Msharasi, ile sindano yenye mpini ya fundi wa viatu.
- Utepe wa pamba wa sentimita moja na nusu, vipande viwili vya sentimita 12.
- Gundi nyeupe ya seremala na brashi ya kupakia.
- Kipande cha shuka kuukuu jepesi, au bandeji ya wavu.
- Kitambaa cha jalada. Nitaeleza mbele kwa nini nakuomba utumie aproni ya zamani.
- Rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, penseli laini.
- Matofali manne yaliyofungwa kwa gazeti na kitambaa, pamoja na mbao mbili bapa.

Kitambaa, utepe na uzi nilivipata Kibuye siku ya Jumapili, soko linapojaa. Karatasi na manila zipo katika duka lolote kubwa la vifaa vya shule.

Tenga wikendi tatu. Kama unaweza kuchagua, epuka Aprili na Mei. Mvua za masika huku ziwani hufanya gundi ikauke polepole, na karatasi hunywa unyevu ikajikunja. Agosti ni mwezi mzuri, na watoto wapo nyumbani.

## Hatua ya 1: Gawa kazi mafungu matatu

Toa kila kitu sandukuni, kabatini na chini ya vitanda. Tandaza mkeka, watoto wawepo.

Fungu la kwanza ni vitu bapa: michoro, vitambaa vilivyotariziwa, kadi za sikukuu, ruwaza za karatasi za kukatia nguo za wanasesere. Hivi vinaweza kuingia kitabuni vyenyewe.

Fungu la pili ni vitu vyenye mwili: gari la paketi ya maziwa lenye magurudumu ya vifuniko vya soda, kikapu cha mafunjo, mpira wa matambara. Hivi vitaingia kwa picha.

Fungu la tatu ni kazi ambazo hazijakamilika. Hizi ndizo zinazowashinda wengi, maana kila moja ni ahadi iliyobaki njiani. Shika moja moja, uliza: inaweza kuisha kwa saa moja? Kama ndiyo, mmalize wiki hii hii. Kama la, fumua nyuzi ziwe za kazi nyingine, au mpe mtu atakayeimalizia, sindano ikiwa bado imechomekwa mahali mlipoishia ili ajue pa kuanzia.

Onyo: usimtupie mtoto kazi yake bila yeye kuwepo, hata kama imeliwa na mende. Niliwahi kutupa ndege wa karatasi wa binti yangu nikidhani ni takataka za mradi wa shule. Alikuwa na miaka minane. Mpaka leo anamkumbuka.

Umefaulu ukibaki na mafungu mawili tu, na mkeka unaonekana.

## Hatua ya 2: Piga picha za vitu vyenye mwili

Tumia mwanga wa barazani, kivulini, asubuhi kati ya saa mbili na saa nne. Jua kali huleta vivuli vyeusi, na taa ya simu hufanya rangi ziwe za uongo.

Tandika shuka nyeupe isiyo na mikunjo. Weka kitu katikati, na kando yake umwombe mwenyewe aliyekitengeneza aweke mkono. Mkono unaonyesha ukubwa kuliko rula, na miaka kumi baadaye ni mkono huo utakaoutazama.

Piga picha mbili kwa kila kitu: moja ya kitu kizima, moja ya mahali kazi ilipokuwa ngumu, kama fundo la chini ya kikapu au mshono wa ndani.

Siku hiyo hiyo nakili picha zote mahali pawili, kwenye memori kadi na kwenye flashi. Simu yangu iliwahi kutumbukia kwenye beseni la nguo, ikaondoka na picha za miaka miwili. Fundi alijaribu, hakuweza.

## Hatua ya 3: Chagua picha 24, sio 25

Idadi hii inatokana na unene wa mgongo, utaona katika hatua ya 6. Ukizidisha, kitabu hakitafunga.

Zichapishwe saizi ya inchi 4 kwa 6 kwenye karatasi ya picha, studio. Usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Zipeleke kwa flashi, au zitume kama dokumenti. Kwa saizi hiyo, picha yenye pikseli 1,200 kwa 1,800 hutoka safi.

Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Wino hukawia kukauka kwenye karatasi ile laini, ukachafua uso wa picha inayolaliwa juu yake. Maelezo yote yataandikwa ukurasani.

## Hatua ya 4: Andika namna ya kutengeneza, kwa maneno ya mtoto

Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo, na ndipo watu hupaharakisha.

Picha ya kikapu haimfundishi mtu kusuka kikapu. Mjukuu wako atakapofungua ukurasa huo, atataka kujua mlianzaje. Kwa hiyo kila kazi iliyochaguliwa iwe na maelekezo yake: vipimo, vifaa, mpangilio, na mahali mlipokosea kwanza.

Muulize aliyeitengeneza, wewe uandike vile vile anavyosema. Usisafishe lugha yake. Mwanangu aliita gundi iliyopoa "uji wa jana", na ndivyo ilivyoandikwa.

Kisha yajaribu maelekezo kwa mtu ambaye hakuwahi kuketi kwenye meza hiyo. Mpe karatasi na vifaa, wewe kaa kimya. Sisi tulimpa binamu yao kutoka Kakamega maelekezo ya shanga za karatasi. Yalisema: "Kata pembetatu ndefu za kalenda, zungusha kwenye kijiti, paka gundi." Akafanya hivyo hivyo, na shanga zikamfunguka kama konokono anayetoka kwenye gamba.

Yaliyokosekana ni mambo matatu ambayo mikono ya watoto wangu ilishayazoea, ikayaona si ya kusemwa. Anza kuzungusha kutoka upande mpana, wala si kwenye ncha. Nusu ya kwanza izungushwe kavu, gundi ipakwe kuanzia katikati mpaka nchani. Na ushikilie ile ncha kwa kidole huku ukihesabu mpaka ishirini. Tuliandika upya, akarudia, shanga zikashika. Pembetatu yenye upana wa sentimita mbili chini na urefu wa sentimita 25 hutoa shanga nene katikati, nyembamba kandoni.

Umefaulu binamu akimaliza bila kukuuliza swali.

Andika nakala hii ya kwanza kwenye daftari la kawaida. Utainakili kitabuni mwishoni, kwa penseli laini au kalamu isiyovuja maji yakiidondokea.

## Hatua ya 5: Tambua nyuzi za karatasi zinakoelekea

Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, kama mbao. Ukiikunja sambamba na nyuzi, inakunjika laini na ukurasa unalala chini. Ukiikunja kinyume, inapasuka kwenye kunjo, na kitabu kinajisukuma kufunguka chenyewe.

Karatasi za A4 unazonunua kwa ujumla nyuzi zake hulala kwa urefu. Ukiikunja A4 katikati upate kurasa za A5, umeikunja kinyume. Vitabu vingi ninavyoletewa vimeharibikia hapo, kabla hata ya sindano kuguswa.

Ndiyo maana nimekwambia ununue A3. Kata kila A3 katikati ya urefu wake. Unapata vipande viwili vya A4 ambavyo nyuzi zake sasa kwa kawaida zinalala kwa upande mfupi. Ukivikunja, kunjo linafuata nyuzi.

Hata hivyo usiamini, pima. Pinda karatasi polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda bila ubishi ndio sambamba na nyuzi. Ukiwa bado na shaka, kata kipande cha mraba ukilowanishe upande mmoja. Kitajiviringa kama mkeka. Mhimili wa mviringo huo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Ifanyie manila na kadibodi jaribio hilo hilo. Nyuzi zote za kitabu zisimame wima, kutoka juu kwenda chini, sambamba na mgongo.

## Hatua ya 6: Kunja vikunjo na kutia vibanzi

Kutoka A3 kumi na mbili una A4 ishirini na nne. Kunja kila moja peke yake, ukipitisha mgongo wa kijiko kwenye kunjo. Kisha ingiza nne nne moja ndani ya nyingine. Unapata vikunjo sita, kila kimoja kurasa 16.

Sasa vibanzi. Kata manila vipande 12 vya sentimita 4 kwa 21, kunja kila kimoja katikati kwa urefu, viwe na upana wa sentimita mbili. Katika kila kikunjo tia viwili: kimoja baada ya karatasi ya kwanza, kingine baada ya ya tatu.

Vibanzi hivi havibebi kitu. Kazi yake ni kuupa mgongo unene. Kila picha unayobandika inaongeza unene mbele ya kitabu, wakati mgongo unabaki vile vile. Ndiyo sababu vitabu vya picha hukaa wazi kama mdomo wa kambare. Vibanzi viwili vya manila hulipa deni la picha nne. Vikunjo sita mara nne, ndizo zile 24.

Ukitaka kuingiza kitambaa kilichotariziwa, hesabu kama picha mbili, na upunguze.

Panga vikunjo vyote pamoja, viweke chini ya matofali usiku kucha. Asubuhi vitakuwa vimetulia.

## Hatua ya 7: Toboa matundu

Kata kipande cha kadibodi kirefu sentimita 21, uwe muongozo wako. Weka alama sita kutoka juu: sentimita 1.5, 6, 7.5, 13.5, 15 na 19.5. Andika neno JUU kwenye ncha moja. Kila kikunjo nacho kiandike JUU kwa penseli, na nambari yake.

Fungua kikunjo katikati, weka kadibodi kwenye kunjo, toboa kwa msharasi kuelekea nje, ukilaza mkono kidogo ili ncha itokee hasa kwenye ukingo wa kunjo. Tundu likitokea pembeni, hata milimita moja, uzi utakata karatasi siku za mbele.

Matundu yawe madogo, sindano ipite kwa kubana. Umefaulu ukivisimamisha vikunjo sita pamoja na matundu yakapanga mistari sita iliyonyooka.

## Hatua ya 8: Shona

Kaa mahali penye mwanga, simu iwe chumba kingine. Ni kazi ya saa moja na nusu, na haipendi kukatizwa.

Pitisha uzi kwenye nta mara tatu. Nta inauzuia kujisokota na inaufanya ushike mafundo. Usiuache mrefu zaidi ya mita mbili.

Bandika tepe mbili kwenye ukingo wa meza kwa karatasi yenye gundi, kwa muda tu, zisimame wima, zikilingana na nafasi kati ya tundu la 2 na la 3, na kati ya la 4 na la 5. Mgongo wa vikunjo utazigusa.

Kikunjo cha kwanza. Kilaze mezani, mgongo ukigusa tepe. Ingiza sindano kutoka nje kwenye tundu la 1, acha mkia wa sentimita kumi nje. Tembea ndani mpaka tundu la 2, toka, pita juu ya utepe, ingia tundu la 3. Tembea ndani mpaka la 4, toka, pita juu ya utepe wa pili, ingia la 5. Tembea ndani mpaka la 6, toka.

Uvute uzi ukaze, lakini uvute kuufuata mgongo, kwa upande ule unakoelekea. Ukiuvuta kuja kwako, uzi unageuka kisu na tundu linakuwa mpasuko. Mwanamke mwenzangu mwenye mkono mzuri kuliko wangu alipasua vikunjo viwili kwa kosa hili hili.

Kikunjo cha pili. Kiweke juu ya cha kwanza. Ingia tundu lake la 6, rudi njia ile ile kinyumenyume: toka la 5, ruka utepe, ingia la 4, toka la 3, ruka utepe, ingia la 2, toka la 1. Kaza. Sasa uzi wako na ule mkia uliouacha vimekutana. Vifunge pamoja mafundo mawili.

Kikunjo cha tatu. Ingia la 1, tembea mpaka utoke la 6. Hapa hakuna mkia wa kufungia. Chukua sindano, ipitishe nyuma ya kile kiunganishi kidogo kati ya kikunjo cha kwanza na cha pili, kabla hujakaza ipitishe ndani ya kitanzi kilichotokea, kisha kaza. Fundo hili dogo ndilo linaloshika vikunjo vyote kichwani na miguuni.

Cha nne, cha tano, cha sita. Endelea hivyo hivyo, ukipanda kwa upande mmoja na kushuka kwa mwingine. Kila unapofika mwisho wa kikunjo, fundo lishike kiunganishi cha vikunjo viwili vilivyo chini yake. Kikunjo cha sita kitakuishia tundu la 1. Funga fundo mara mbili, acha mkia wa sentimita moja, kata.

Uzi ukikatika njiani, unganisha mwingine ndani ya kikunjo, kamwe sio mgongoni. Fundo la mgongoni hutoa kinundu chini ya kitambaa cha jalada.

Jaribio: shika kitabu kwa kikunjo cha kwanza tu, kiinue. Vikunjo vingine vinaning'inia pamoja bila kuachana na bila kukunjamana. Vikilegea kama pazia, hukukaza. Vikijipinda kama ndizi, ulikaza mno. Ni heri kufumua sasa. Mimi nilifumua mara mbili.

## Hatua ya 9: Mgongo

Kata manila mbili saizi ya A4, zikunje. Paka mstari wa gundi wa milimita tano tu kwenye ukingo wa kunjo, bandika moja mbele ya kikunjo cha kwanza, nyingine nyuma ya cha sita. Hizi ndizo zitakazoshika jalada.

Gongagonga kitabu mezani mpaka mgongo na kichwa viwe sawa. Kibane kati ya mbao mbili, mgongo uchungulie nje, matofali juu. Paka gundi nyembamba mgongoni ukiisukumia kati ya vikunjo kwa kidole. Lalisha juu yake kipande cha shuka chenye urefu wa sentimita 18, upana uzidi mgongo kwa sentimita tatu kila upande. Acha mpaka kesho yake.

Usitumie gundi ya kubandikia viatu. Hugeuka manjano, hukauka, na humeguka. Gundi ya unga wa ngano ni nzuri mkononi, lakini mende wa huku kwetu hula kitabu kwa ajili yake. Na selotepu isiguse kitabu hiki popote.

## Hatua ya 10: Jalada

Kwa jalada, chukua aproni mliyokuwa mkivaa mezani. Yetu ilikuwa ya kitenge cha buluu, ina doa la rangi ya kucha ambalo kitinda mimba alilimwaga akijaribu kuwapaka samaki wa udongo magamba. Doa hilo nililiweka makusudi kwenye pembe ya chini ya mbele, mahali kidole gumba kinaposhika. Watoto walilitambua kabla ya kusoma neno lolote.

Fua kitambaa, pasi, kisha kitie karatasi kwa nyuma. Paka gundi kwenye karatasi nyembamba, sio kwenye kitambaa, kilaze juu yake na ukipapase kwa kiganja. Kikikauka, gundi haitapenya tena hadi usoni.

Kata kadibodi mbili za sentimita 21.6 kwa 14.5. Kata kipande cha mgongo kutoka manila iliyobandikwa mara mbili, urefu 21.6. Upana wake upime kwenye kitabu chako: unene wa kurasa pamoja na unene wa kadibodi zote mbili. Usinakili kipimo changu, kila mkono hukaza kivyake.

Panga juu ya kitambaa: kadibodi, nafasi ya milimita saba, mgongo, nafasi ya milimita saba, kadibodi. Acha kitambaa sentimita mbili kuzunguka pande zote. Nafasi zile mbili ndizo bawaba. Zikiwa nyembamba mno, jalada halifunguki.

Pembe za kitambaa zikate mshazari, ukiacha milimita nne kutoka ncha ya kadibodi. Ukikata karibu zaidi, kadibodi itachungulia. Kunja ndani juu na chini kwanza, kisha kandoni.

## Hatua ya 11: Unganisha na ungoje

Weka kitabu ndani ya jalada, hakikisha juu ni juu. Fungua jalada la mbele. Ingiza karatasi ya nailoni chini ya manila ili unyevu usipite kwenye kurasa. Paka gundi nyembamba kwenye manila, juu ya tepe na shuka pia, kuanzia katikati kwenda nje. Funga jalada juu yake kwa mwendo mmoja, bila kusogeza. Geuza, fanya nyuma.

Ingiza nailoni nyingine kavu kila upande, bonyeza bawaba kwa sindano ya kufumia iliyolala, kisha mbao na matofali yote manne. Saa 24 kamili. Usifungue kuchungulia, hata kidogo. Manila iliyoloa ikiinuliwa hupata mikunjo ambayo haiondoki.

## Hatua ya 12: Gawa vifaa vilivyobaki

Wakati kitabu kiko chini ya matofali, gawa. Mkasi mkubwa kwa anayeenda kupanga nyumba. Nyuzi na ndoana za kufumia tulimpelekea shangazi yao. Vifuniko, katoni na vipande vya vitenge vilikwenda kwa mwalimu wa Gredi ya Pili jirani, ambaye kila wiki wanafunzi wake wanahitaji vitu vya kazi za ubunifu. Kwa kila mfuko andika kilichomo na hali yake, hasa mikasi iliyo butu.

Hesabu sindano kabla ya kukunja mkeka.

## Hatua ya 13: Jumamosi ya mwisho

Kitabu kijazwe mezani, na wote wawepo. Anayekifungua mara ya kwanza asikifungue katikati kwa nguvu. Kilazwe kwa mgongo. Fungua jalada la mbele, halafu la nyuma. Kisha kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, ukizipapasa, mpaka mkutane katikati. Hivyo uzi unajifunza kunyooka pole pole.

Picha zishikwe kwa pembe, zisipakwe gundi. Kata vipande vya karatasi vya sentimita 1.5 kwa 4, kunja ncha zote mbili zikutane zitoe pembetatu, vika kila pembe ya picha, gundi iguse nyuma ya pembetatu tu. Siku moja mtu atataka kuitoa picha ainakili, na itatoka salama. Picha nne tu kwa kila kikunjo, na zipishane: moja juu kidogo, nyingine chini kidogo, zisilaliane mahali pamoja.

Michoro ya krayoni iwekewe karatasi ya kuokea juu yake, la sivyo nta itahamia ukurasa wa pili.

Upande wa pili wa kila picha nakili maelekezo kutoka kwenye daftari. Kila mtoto aandike yake kwa mwandiko wake mwenyewe, hata kama ni mbaya. Wangu walifanya mchana mzima, chai ikapoa mara mbili. Nyanya yao, ambaye hakuwa amepangiwa ukurasa, alidai nafasi akaeleza namna ya kulainisha mafunjo: kuyalaza kwenye kitambaa kibichi usiku mmoja badala ya kuyatumbukiza majini. Mkubwa ndiye aliyeandika.

Kurasa nane za mwisho ziachwe tupu. Ukurasa wa tisa kutoka mwisho, kila mmoja aandike jina lake na kitu cha kwanza alichowahi kutengeneza.

Kirudishe chini ya matofali usiku huo, bila kukaza. Asubuhi kitakuwa kimefunga mdomo. Kama kinaenda na mtu bwenini au chuoni, kingoje mpaka awe na mahali pa kufungia kwa kufuli. Nyumbani kikae kimelala kwenye rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, kimefungwa kwenye leso ya pamba, wala sio nailoni. Pembeni yake weka kifuko cha majani makavu ya mwarobaini, uyabadilishe kila shule zinapofungwa, na siku hiyo mkifungue mkipepee.